Radhi ya Ukurasa wa Mbele

Asubuhi ile gazeti liliisha kabla watu hawajaliona. Wauza magazeti walipofika kwenye kona zao na mafurushi yao walimkuta mtu anawasubiri, ana gari, na wala hataki chenji. Alizoa nakala zote, hata zile za juu zilizolowa umande, akaenda kona nyingine. Jua lilipochomoza vizuri, habari kubwa kuliko zote alizowahi kutoa mhariri ilikuwa imesomwa na yeye mwenyewe, msanifu wa kurasa, na wapiga chapa mtamboni, ambao kwa kawaida husoma vichwa vya habari tu.

Mhariri alipoambiwa kwamba nakala zote zimenunuliwa na kuchomwa moto, kwanza alicheka. Miaka yote analalamika gazeti halinunuliwi, leo limenunuliwa lote. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni, maana mtu anayenunua gazeti zima ili lisisomwe haishii hapo.

Habari yenyewe ilimhusu mkurugenzi wa maji, ambaye watu wa mji walimpachika jina la Bwana Bomba. Fedha za dawa ya kusafishia maji zilitoka, mapipa yakaja, lakini ndani ya mapipa mlikuwa na maji matupu yaliyotiwa rangi. Mji mzima ulikuwa unakunywa mto kama ulivyo, na katika hospitali kuu watoto walikuwa wanalazwa wawili wawili kitandani. Aliyeyafichua haya alikuwa mpima maji katika maabara ya mtambo, na mpima maji huyo alikuwa shemeji yake mhariri, mume wa mdogo wake wa mwisho. Siri hiyo walikuwa nayo watu watatu tu.

Mdogo wake alipiga simu mapema. Hakuwa analia, na hilo lilimtisha mhariri kuliko kilio. Alisema mumewe na wenzake wote wa maabara wamefungiwa chumba kimoja, wanahojiwa mmoja mmoja.

"Dada, yule aliyesema mambo ya mtambo kabla yake, mpaka leo mkewe hajui alipo. Mimi mambo ya gazeti siyajui. Ninachokuomba ni baba wa watoto wangu."

Mhariri alimwambia atulie, jina halitatoka. Alilisema hilo kwa sauti ya dada mkubwa, ile ambayo tangu utotoni haikubishiwa.

Chai ya saa nne ilikuwa haijanyweka wakili wa Bwana Bomba alipoingia na askari wawili. Askari walibaki mlangoni. Yeye akavuta kiti bila kukaribishwa, akasogeza miwani ya msanifu iliyokuwa mezani, akaweka mkoba. Alikuwa mtu mpole, na upole mwingine unatisha kuliko kofi. Simu yake ililia mara tu alipokaa. Akamwambia mkewe kwamba yuko kazini, kama mtoto bado anatapika ampeleke kwa daktari, asimpigie tena.

Kisha akaeleza shida yake. Mteja wake amechafuliwa jina, na gazeti hili linaweza kufungwa leo leo. Lakini mteja wake ni mtu wa huruma, kwa hiyo mhariri achague. Akimtaja aliyempa habari, kazi itaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Akikataa, basi ataomba radhi ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa zilezile, na radhi hiyo itasomwa redioni katika kila taarifa ya habari. Baada ya hapo sheria itajua la kufanya naye.

"Jina ni rahisi zaidi," alisema wakili. "Ni neno moja tu."

Mhariri alitazama chini. Kwa mtu wa kazi yake, kuomba radhi kwa kusema kweli ni kuvuliwa nguo mbele ya wakwe. Nani atamwamini tena? Na wale watoto hospitalini je? Lakini shemeji yake alikuwa amekaa kwenye chumba kilichofungwa, anasubiri zamu yake. Akapiga moyo konde.

"Tutaomba radhi," alisema.

Msanifu wa kurasa, mzee mbishi aliyefanya naye kazi tangu wote wawili wana nywele nyeusi, alimtazama kama mtu aliyetemea mate chakula cha wageni.

Wakili naye hakufurahi. Alichokitaka ni jina, na kwa kuwa alilikosa aliamua kukaza kamba.

"Nawajua nyinyi. Mtaandika mistari miwili chini ya tangazo la magodoro, 'samahani kwa usumbufu', basi. Sitaki hiyo. Nataka kila tuhuma itajwe na ifutwe, moja baada ya nyingine."

"Kila moja?"

"Kila moja. Radhi isiyotaja kosa si radhi."

Hapo mhariri aliinamisha kichwa haraka, wakili asimwone uso. Habari yake ilikuwa imeteketezwa yote, hakuna aliyeisoma, na sasa mtu huyu anamwagiza aiandike upya kwa herufi kubwa, tena isomwe redioni. Mwenye hasira kweli hana macho.

Akaandika, wakili amesimama nyuma ya bega lake. "Tulisema kwamba mapipa ya dawa ya maji yamejazwa maji matupu. Tunaomba radhi kwa kusema hivyo. Tulisema kwamba maji ya bomba hayajatiwa dawa tangu mvua zianze. Tunaomba radhi kwa kusema hivyo. Tulisema kwamba watoto waliojaa hospitalini wanaumwa kwa sababu ya maji hayo. Tunaomba radhi kwa kusema hivyo." Msanifu, aliyekuwa anafuata kwenye kompyuta yake, alishikwa na kikohozi cha ghafla. Kilimshika kwa muda mrefu, na mhariri akawa anamhofia yeye kuliko wakili.

Wakili alichukua karatasi akaisoma taratibu, kalamu mkononi. Mhariri alijua kwamba akili ikimrudia huyu bwana sasa hivi, kesho yeye na shemeji yake watakuwa wanatafutwa pamoja. Kalamu ikasimama.

"Umeacha moja."

"Ipi?"

"Ya lori. Lori linalompelekea mkurugenzi maji ya kunywa nyumbani kwake kutoka nje ya mji."

Habari ya lori haikutoka gazetini. Kabla ya kuchapa, mhariri alimpelekea Bwana Bomba maswali ajibu, kama kazi inavyotaka, na la lori lilikuwamo. Lakini alikosa shahidi wa pili, na jambo lenye shahidi mmoja yeye hachapi, kwa hiyo alilikata. Ikawa dhahiri kwamba wakili alipewa yale maswali tu. Gazeti lenyewe hajalitia machoni, maana wenzake walivyolichoma hawakumbakizia hata yeye nakala.

Mwingine angenyamaza. Mhariri alikuwa na ugonjwa wa kutoweza kusaini asichokiandika.

"Hiyo hatukuiandika."

"Mliiandika."

"Bwana wakili, ukweli nimekwambia. Haikutoka."

"Mama, usinifanye mtoto mdogo," alisema wakili, akainama akaiongeza ya lori kwa mkono wake mwenyewe, akatia saini pembeni. Simu yake ililia tena, akaikata.

Radhi ilianza kusomwa katika taarifa ya mchana. Mtangazaji mwenye sauti nzito aliisoma bila haraka, kosa baada ya kosa. Watu wa mji ule walishajifunza zamani kusikiliza radhi za magazeti, wanajua ni nini cha kushika na ni nini cha kuacha. Mama wa chai, ng'ambo ya barabara, alisikiliza mpaka mwisho, akainua ndoo yake akaimwaga mtaroni. Alasiri hakuna aliyepata mkaa, wote ulikwenda kuchemshia maji. Ilisemekana Bwana Bomba mwenyewe alipiga simu redioni waache kusoma. Wakamjibu kwa adabu kwamba amri ya kusoma ililetwa kwa barua yenye mhuri wake, hivyo wanasubiri barua ya kuacha. Wakati barua inaandikwa, wakaisoma tena.

Ujumbe wa mdogo wake uliingia. Wameachiwa wote, hakuna jina lililopatikana, baba watoto yuko nyumbani amelala. Mhariri akauweka uso wake mikononi, na kwa mara ya kwanza siku ile akalia.

Wakili alirudi jioni, jua bado halijazama. Safari hii askari hawakubaki mlangoni. Amri ya kufunga gazeti ilikuwa mkononi mwake, na nyingine ya kumchukua mhariri kwa kueneza uvumi. Msanifu alivua sweta lake akampa mhariri, akamwambia huko ndani huwa na baridi. Mhariri alikuwa anaogopa, na hakujifanya haogopi.

"Jina, mama," alisema wakili. Sauti ilikuwa imemkauka. "Bado unaweza kulitoa."

"Tulikubaliana jina au radhi. Radhi nimetoa, na nyingine umeiandika wewe."

Wakili alisimama anatazama jagi la maji juu ya meza, kana kwamba hajawahi kuliona jagi maishani mwake. Kisha akasema polepole, si kwa mhariri wala kwa askari, "Lile lori nimeliona mimi mwenyewe. Huwa linaingia nikiwa pale sebuleni kwake."

Shahidi wa pili. Alimtafuta kila mahali akamkosa, kumbe amekaa naye meza moja tangu asubuhi, na gazeti la kumwandika ndilo hilo limefungwa. Mhariri angeweza kumrushia neno, na maneno yalimjaa kinywani, lakini alikumbuka zile simu za asubuhi akayameza.

Askari wakamshika mikono wakaanza kushuka naye ngazi. Wakili alibaki juu, ameegemea ukuta, simu sikioni. Sauti yake ilisikika mpaka chini, na upole wote ulikuwa umemtoka.

"Yamwage," alikuwa anamwambia mkewe. "Yote. Hata ya kwenye birika."

Mhariri akapanda gari.