Nyumba Aliyoitoa Warsame Kabla ya Futari

Hapana, hakufukuzwa. Hayo ni maneno ya pale msikitini, watu wakishavua viatu tu, midomo nayo inaanza kutembea pekupeku. Warsame aliitoa ile nyumba mwenyewe, kwa mkono wake.

Tatizo lilianza na riba. Sisi Wasomali wa Faribault, huku Marekani, benki tunaiogopa kuliko ile theluji yao. Warsame, na kazi yake ya kukata mapaja ya bata mzinga kiwandani, alitaka nyumba isiyo na dhambi. Ndipo akatokea Mzee Norberg, mzungu mwenye nyumba zake, akamwambia, "Benki ya nini? Nilipe mimi kila mwezi. Ukimaliza, nakupa hati. Riba hamna."

Warsame akasikia hilo la mwisho tu. Mkataba mnene kama godoro, akatia sahihi huku anacheka. Kumbe mle ndani mwaka wa tano kuna donge moja kubwa la pesa la kulipa kwa mpigo, na ukilikosa nyumba inarudi kwa Norberg. Yeye akaezeka paa jipya, akaweka mashine mpya ya kupasha joto, mama yake, Dahabo, akapewa chumba kinachoingia jua. Wallahi, ungemwona anavyopiga misumari, ungesema anajenga pepo.

Basi donge likafika, na cha kulipia hana.

Hodan, mkewe, akamwambia, "Nenda benki ukope, umalizane naye."

"Na riba?"

"Riba! Kwani wewe unafikiri Norberg alikupenda? Bei yake ile, riba imo tumboni mwake kama mimba. Umeilipa miaka mitano, baba watoto, ila hukuambiwa jina lake."

Hilo lilimchoma. Usiku hakulala, akawa anazunguka anagusa kuta. Kwa sababu kama Hodan kasema kweli, alijinyima bure. Na kama si kweli, sasa ndio akaingie kwenye riba kwa miguu yake? Akamuuliza sheikh. Sheikh akasema wako wanaoruhusu kwa dharura, moyo wake mwenyewe uamue. Moyo ukakataa.

Sasa kukaa tu asubiri aje polisi, hapana. Ukitolewa na polisi huku, jina linachafuka, hakuna atakayekupangisha hata banda. Ana watoto wanne na mama mzee. Akampigia Norberg simu: "Njoo uchukue nyumba yako."

Ilikuwa Ramadhani. Norberg akaja jioni, magoti yake mabovu, karatasi kwapani. Hodan yuko jikoni, anagonga masufuria utafikiri kayafumania.

"Na paa?" Warsame akauliza. "Na mashine?"

Norberg akatazama zulia. "Vinabaki na nyumba, Warsame. Mkataba ndivyo unavyosema. Ila kaeni mpaka Idi ipite. Kodi sitaki."

"Mkarimu huyo!" Hodan akapiga kelele kutoka jikoni. "Anatukaribisha chini ya paa letu!"

Warsame akachukua kalamu. Akatia sahihi. Mtoto mdogo akauliza kama chumba cha bibi nacho kimeondoka, akanyamazishwa.

Simu ya Dahabo ikaadhini. Norberg akasimama aondoke, na wote wakatazamana, maana kwetu mtu hatoki mlangoni futari ikiwa tayari. Lakini nani sasa amkaribishe? Nyumba ya nani? Warsame akaona aibu.

"Hodan," Dahabo akaita, "huyo mzee atatoka na njaa?"

"Na atoke, mama. Ana nyumba nyingi, akale huko."

"Mwanangu, mimi nimefunga tangu alfajiri, usinifuturishe kwa hasira."

Kisha Hodan akatoka na sinia la wali na mbuzi, ndizi pembeni, macho mekundu, na si ya kitunguu. Akaliweka chini katikati kwa kishindo.

"Nyumba sijui ya nani," akasema, "lakini wali nimepika mimi. Kaa, mzee. Mpeni mto, magoti hayo hayajui kukaa chini."

Norberg akateremka polepole, Warsame kamshika kiwiko. Dahabo akagawa tende. Hodan akawa wa mwisho kukaa, mgongo kaupa ukuta, wakanawa, wakala.