Piza ya Mtani

Kama ulitaka kukosana na Hermenegildi, hukuwa na haja ya kumtukania mama yake. Ilitosha kusema kwamba piza ni chapati iliyopakwa nyanya. Angeweka chini chochote alichoshika, hata kama ni mtoto wa mtu, akakueleza hadi ujute kuzaliwa na mdomo. Chapati, angesema, ni unga wa haraka, na wa haraka humfaa mwenye safari. Piza ni unga uliolala. Unaukanda jioni, unaufunika, unauacha na mambo yake, kesho unaukuta umekua bila kuombwa. Asiyeweza kungoja na ale ugali, nani amemkataza?

Watu wa Lumemo, karibu na Ifakara, walimvumilia, maana kila Jumapili baada ya misa tanuri lake liliwaka, na mwenye kuvumilia alipata kipande. Tanuri hilo alilijenga kwa udongo wa kichuguu nyuma ya nyumba. Mkewe, Emerensiana, alisema waziwazi kwamba limejengwa vizuri kuliko jiko lake yeye, na hapo hakuwa anasifu.

Maarifa yenyewe aliyapata Arusha wakati wa vita, alipokuwa askari wa kulinda mateka wa Kitaliano. Mmoja wao, Jenaro, mtu wa Napoli, alikuwa mwokaji tangu utotoni. Mlinzi na mlindwa wakaanza kwa kutazamana vibaya, wakaishia kukanda unga pamoja. Siku ya kuagana Jenaro alimtilia donge la chachu ndani ya kopo. "Ilishe," alimwambia. "Ukiilisha haifi." Hermenegildi aliibeba kwa treni, kwa lori na kwa miguu mpaka Ifakara, akaihamishia kwenye chungu kidogo chenye kifuniko, na tangu hapo hakuwahi kusahau kuipa unga na maji. Hata mwaka ule mto ulipofurika wakakimbilia juu ya dungu la kuamia ndege shambani, chungu kilipanda kabla ya watoto. Emerensiana hajalisahau hilo.

Basi alikuwa na msimamo juu ya kila kitu. Nyanya zipondwe mbichi, kwa sababu nyanya ikishapikwa sufuriani na kupikwa tena tanurini inakuwa mchuzi, na mchuzi una sahani yake. Kitunguu alikichukia kama adui wa serikali. Alidai kimewekwa duniani kuwasaidia wenye nyama mbovu. Jibini alijitengenezea mwenyewe, akiyakatisha maziwa kwa ndimu na kuyakamua kwa kitambaa, kisha akaitia kidogo, kwa ubahili kabisa, mpaka wageni wakanong'ona. Na ole wako umshauri aumue unga kwa machicha ya pombe, kama walivyofanya wenye maandazi sokoni! Unga huo unanuka kilabu, alisema, na hakutoka Arusha na kopo kwapani ili aje anukie kilabu. Kuni ziwe za mkwaju. Ukingo utoke malengelenge meusi. Piza isiyo na doa la moto haijaiva, imepashwa tu.

Aliyeyasikia haya kuliko wote alikuwa jirani yake, Eustaki, Mngoni aliyetoka Songea kutafuta kazi bondeni. Hermenegildi alikuwa Mpogoro wa upande wa Mahenge, na Wapogoro na Wangoni ni watani. Nyinyi mnaujua utani. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako, atakuchukulia jogoo wako mchana kweupe na kukataa kumrudisha mpaka ujikomboe, nawe ukinuna, mwenye makosa ni wewe. Eustaki alipenda kusema babu yake aliwaacha Wapogoro hai kwa sababu alihitaji wapishi. Hermenegildi alimjibu kwamba Wangoni walikuja kuiba ng'ombe, wakapotea njia, wakaona aibu kurudi, ndipo wakajiita washindi. Wakicheka hivyo, huku mmoja anachochea moto na mwingine anakanda, ungedhani wamenyonya ziwa moja.

Eustaki alikuwa akifanya kazi kivukoni, kisha kazi ile ikaisha. Miezi ikapita akiishi kwa vibarua vya mpunga na kwa sahani ya Emerensiana. Hakuna aliyelihesabu hilo. Mtani hula kwa mtani wake.

Ndipo alipokuja Apolinari, nyapara wa kambi ya wajenga barabara iliyokuwa upande wa mtoni. Alimkuta Hermenegildi shambani. Mkuu wa kambi, alisema, ni Mtaliano, Sinyori Bruno, na mpishi wake anamlisha kabichi mpaka mzee wa watu anataka kulia. Amesikia kwamba Lumemo kuna Mwafrika anayejua piza. "Basi Jumamosi uje ujaribiwe. Akipenda, kazi ya mpishi ni yako."

Kazi ilikuwa jambo zuri, lakini si hiyo iliyomfanya Hermenegildi ashindwe kupalilia mchana ule. Tangu aachane na Jenaro, hakuna mdomo unaojua uliowahi kuonja piza yake. Watu wa Lumemo waliisifu, ndiyo, lakini ni watu wanaosifu chochote cha bure. Miaka yote hiyo hakuwa na wa kumwambia kama bado yuko njiani au alipotea zamani akaendelea kutembea. Jumamosi angeambiwa. Habari hiyo alimpa Eustaki kwanza, kabla hata ya mkewe, na Eustaki akamkumbatia, akamwita mtumwa wa bahati, akauliza Mtaliano huyo ni mtu wa namna gani na kambi inaingiliwa upande upi.

Ijumaa mchana Hermenegildi alirudi kutoka shambani akiwa amekwisha kuukanda unga kichwani mwake. Chungu hakikuwapo.

"Mtani wako amekichukua," alisema Emerensiana. "Anasema ukikitaka, ujikomboe kwa jogoo. Yule mwekundu."

Hermenegildi alicheka, na alicheka kwa moyo wote. Kumwibia mtu chachu Ijumaa, na kesho yake ndiyo siku yake! Huo ulikuwa utani wa kiwango cha juu, na alimwonea fahari aliyeubuni. Akamkamata jogoo mwekundu, akaenda. Mlango wa Eustaki ulikuwa umefungwa kwa kamba. Akaketi kizingitini na jogoo wake miguuni, akingoja, huku akitunga tusi la kumpokelea. Jua likazama. Akamfunga jogoo mlangoni, akarudi nyumbani, akamwambia mkewe kwamba Mngoni huyu leo amevuka mpaka, na bado alikuwa anatabasamu.

Asubuhi jogoo alikuwa palepale, amejaa hasira. Mlango bado kamba. Balbina, mama wa nyumba ya tatu, alikuwa akitoka kuteka maji.

"Mama, hujamwona Eustaki?"

"Si amekwenda kambini tangu jana? Alipita hapa amebeba chungu. Nikajua umemtanguliza na mzigo."

"Ndiyo," alisema Hermenegildi. "Nimemtanguliza."

Aliikamata njia ya kambini akiiamini hiyo ndiyo aliyomjibu Balbina. Mtani ameona mwenzake asihangaike na mzigo. Mtani amekwenda kulitazama tanuri la kambini, asije mtu akaaibika na tanuri la kuazima. Pengine unga umekwisha kukandwa na wamekaa wanamngoja, wamcheke. Kila alipopiga hatua alimtafutia rafiki yake udhuru mwingine, na kila udhuru ulikuwa mwembamba kuliko uliotangulia. Alipofika karibu na mahema akasikia harufu, akasimama. Ilikuwa mkwaju. Ilikuwa ukingo unaoshika moto. Piza ilikuwa imekwisha kutoka tanurini.

Sinyori Bruno alikuwa ameketi juu ya kasha, sahani magotini, vibarua wamemzunguka. Mbele yake alisimama Eustaki, amevaa aproni nyeupe, ana unga mpaka kwenye nyusi, naye alikuwa akihutubia.

"Chapati ni unga wa haraka, Sinyori. Wa haraka humfaa mwenye safari. Piza ni unga uliolala."

Hermenegildi aliyasikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mtu mwingine. Kitunguu kikatukanwa. Nyanya zikatetewa. Hata ule mkono anaouinua akifika kwenye kuni za mkwaju, Eustaki aliuinua. Hapo ndipo udhuru wa mwisho ulipokufa, na mahali ulipokuwa pakabaki maumivu matupu, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kukuibia hivyo isipokuwa yule aliyekusikiliza kwa upendo.

Apolinari alimwona, akashtuka. "Wewe si mgonjwa? Mwenzako ametuambia uko kitandani. Tena amesema yeye ndiye aliyekufundisha."

"Sijaumwa," alisema Hermenegildi. "Chachu hiyo ni yangu. Nilipewa Arusha na Jenaro. Chungu kile pale ni changu."

Eustaki aligeuka. Kwa kitambo kidogo uso wake ulimshuka, na laiti angeuacha hivyo, labda mambo yangekuwa mengine. Lakini alipanua mdomo akacheka, kicheko kikubwa cha Jumapili.

"Mnamwona mtani wangu! Nilimwambia alete jogoo, ameleta midomo! Mpogoro, kaa chini, wakubwa wanakula!"

Kambi nzima ikapasuka kwa kicheko. Walikuwamo Wangoni, walikuwamo Wapogoro, na wote walijua namna ya kucheka pale mtani anapodai kitu chake. Apolinari mwenyewe akalegea, akamweleza Mtaliano kwamba hawa ni watani, desturi yao ni kunyang'anyana na kusingiziana. Sinyori Bruno akafurahi sana kuijua desturi hiyo, naye akacheka. Hermenegildi alitazama nyuso zile akaelewa kwamba hana pa kushitaki. Akisema ameibiwa, ni utani. Akikasirika, ni mtu asiyejua utani. Akipiga, atakuwa ameharibu kitu cha mababu. Eustaki alikuwa amejificha ndani ya desturi yao wote wawili na kuufunga mlango.

"Na wewe, unajua piza?" aliuliza Mtaliano kwa Kiswahili chake cha kuchechemea. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moshi. "Mimi nakula hii, naona nyumba ya mama yangu. Kama kwetu kabisa. Shika, onja wewe. Sema kweli."

Akamkatia kipande, akampa. Kicheko kikapungua. Eustaki akaacha kufuta mikono.

Hermenegildi alijua kinachowezekana. Neno moja tu lingetosha. Angesema inanuka kilabu. Angesema unga haukulala. Mtaliano alikuwa na furaha, na mwenye furaha hutiwa shaka upesi. Akauma. Ukingo ulivunjika kwa sauti ndogo anayoijua, kisha ukanyumbuka. Nyanya zilikuwa mbichi, zimeiva kwa moto uleule. Jibini ilikuwa kidogo. Akaonja na ule uchachu wa mbali, wa mwisho, aliokuwa akiulisha kwa mkono wake tangu Arusha. Hapakuwa na kosa. Kuitukana piza ile kungekuwa kumtukana Jenaro.

"Nzuri," alisema. "Haina kosa."

Sinyori Bruno alimpiga Eustaki begani kwa furaha, na kazi ikawa imetolewa. Jibu ambalo Hermenegildi alilingoja miaka yote lilitolewa mbele yake, akapewa mwingine. Alikimaliza kipande kile chote, kwa kuwa chakula hakina hatia, kisha akashika njia. Alipofika kwenye matete, mahali pasipo na mtu, alilia kwa hasira mpaka akaishiwa machozi.

Jumapili iliyofuata tanuri halikuwaka. Waliotoka misani walipita wakichungulia, wakaendelea na safari zao. Emerensiana alipika ugali na kambale, wakala. Sahani zilikuwa hazijaondolewa wakati Eustaki alipotokea uani na shati jipya, chungu mkono mmoja, jogoo mwekundu mkono wa pili, na sauti ikitangulia.

"Wewe mtumwa wa Wangoni! Moshi uko wapi? Babu yangu alikuacha hai ulale?"

Hermenegildi aliinuka. Akachukua kigoda, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakisogeza kivulini.

"Karibu, Bwana Eustaki. Habari za huko?"

Eustaki akacheka. "Sikia huyo! Amekuwa karani! Mpogoro akishiba kambale anajiona Mzungu."

"Tunashukuru, tumeshiba. Watu wa kambini hawajambo?" Akamgeukia mkewe. "Mama Rosa, mletee mgeni maji."

Emerensiana alisimama na sahani mkononi, akamtazama mumewe. Hakuwahi kumsikia akimwita mtu huyu mgeni. Eustaki alijaribu tena, akaleta tusi la miguu, akaleta la ukoo, akaleta lile la wapishi ambalo halijawahi kukosa jibu. Kila mara alipata "ndiyo, bwana" na "ni kweli, bwana", kwa adabu ile anayopewa mtu wa serikali aliyekuja kuulizia njia.

"Ilianza kama utani, ndugu yangu," alisema mwishowe, na sauti ilikuwa imeshuka. "Nakuapia, nilikichukua kwa utani. Nilipokuwa nakibeba ndipo nikafikiri... Wewe una shamba. Una mke. Mimi nina nini? Kesho nitamwambia Sinyori ukweli."

"Usijisumbue. Kazi umeipata, ifanye vizuri. Unga usiuharakishe."

"Basi nitukane." Eustaki alikuwa bado amesimama, kigoda hakukikalia. "Hermenegildi. Nitukane. Wangoni walipotea njia, sema! Sema lolote."

Hermenegildi alimtazama. Alikuwa anampenda bado, na hilo ndilo lililomuuma kuliko chungu. Bondeni kila mtu anaijua kazi ya mtani msibani: anakuja na majivu usoni, anavaa koti la marehemu, anaigiza mwendo wake na maneno yake mpaka waliofiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Hakuna aliyekuwa na maneno ya Hermenegildi kama huyu.

"Bwana Eustaki," alisema kwa upole, "siku nikifa, uje. Ukae na waombolezaji wengine."

Eustaki aliweka chungu chini, akamweka na jogoo. Alipoletewa maji aliyapokea kwa mikono miwili, akayanywa yote, akashukuru, akaaga kama mgeni anavyoaga.