Foleni ya Wachukuzi

Basi lilisimama mbele ya lango la magofu, na kabla mlango haujafunguka mama alikuwa ameshajaa mikono. Mumewe, mwalimu wa udereva ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Breki, alimpa kofia yake ili yeye achane nywele. Wifi yake, dada wa Mwalimu Breki, alimpa mwavuli, halafu pochi, halafu viatu vya kubadilisha, maana vile alivyovaa vilikuwa vya picha, si vya kutembea. Binti, aliyekuwa kidato cha pili, alimpa sweta na chaja. Chupa ya chai, mkoba wa chakula na pasipoti zote nne mama alikuwa nazo tangu nyumbani. Hakuna aliyemwamrisha. Katika familia ile watu walisema tu "nishikie mara moja," na hiyo mara moja ilikuwa na umri sawa na ndoa yao.

Safari ilikuwa ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo: kuvuka mpaka asubuhi na kurudi kabla haujafungwa. Wazo lilikuwa la mama. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na ukutani, juu ya cherehani yake, alikuwa amebandika picha ya nguzo za jumba la kale, aliyoikata kwenye kalenda kabla hata hajaolewa. Nguzo zenyewe zilikuwa juu ya ngazi, nyuma ya ukuta mrefu. Alitaka kusimama katikati yake aangalie juu. Hakutaka kingine, na wote walimwambia hilo ni jambo dogo sana.

Kufikia alasiri alikuwa hajaziona. Alilinda mizigo wenzake walipokwenda chooni. Akailinda tena walipopanda mnara, kwa sababu mikoba haikuruhusiwa mnarani. Akapiga picha ya familia nzima, ambayo yeye hayumo. Mwalimu Breki aliyaona yote hayo. Hakuwa mtu mbaya, na alijijua. Alipenda sana kujicheka mbele za watu: alisimulia jinsi alivyofeli mtihani wa udereva mara tatu kabla ya kuwa mwalimu, na jinsi alivyoishi katika nyumba yake miaka yote bila kujua sukari inakaa kabati gani. Watu walicheka, yeye akacheka kuwashinda, na akishacheka alijiona ameshatubu. Hata pale chini ya mnara alimwambia mkewe kwamba ameolewa na mume wa maonyesho. Mkewe akatabasamu, akampokea miwani.

Ukuta wa ngazi ulichongwa wachukuzi, mmoja nyuma ya mwenzake, wakipeleka vitu kwa mfalme wao: mitungi, majora ya vitambaa, kondoo, magunia. Mwongozaji wa watalii aliposimama kuueleza, mama aliegemea ili apumzishe mgongo. Palikuwa na nafasi kati ya mwenye kondoo na mwenye mtungi. Aliingia humo taratibu, bega kwanza, kisha kiuno, bila kudondosha kitu. Mwongozaji alipomaliza kuwataja wafalme, mama alikuwa ameshakuwa jiwe katika foleni, mwavuli kwapani na chupa ya chai kifuani. Ilikuwa kazi safi. Hata mshono wa mkoba ulionekana.

Mwongozaji alisema hutokea, hasa msimu wa joto, akaendelea na kundi lake.

Swali la kwanza la Mwalimu Breki lilikuwa kama pasipoti ziko salama. Alilisikia likimtoka na hakuweza kulirudisha. Mama alijibu kutoka ukutani kwamba ziko salama. Sauti yake ilikuwa ileile, ila kavu kidogo. Wifi yake aligusa jiwe, akasema ni la baridi, afadhali yeye kuliko wao waliosimama juani. Kisha akauliza kama anaweza kuvifikia vile viatu vingine, kwa sababu hivi vinamuua.

"Unaumia?" Mwalimu Breki aliuliza. Hilo lilikuwa swali la pili.

"Siumii. Ila naona kisogo cha huyu mwenye kondoo tu."

"Nguzo huzioni?"

"Nitazionaje, na yeye yuko mbele yangu?"

Binti alianza kulia. Alimshika mama yake mkono wa jiwe, akamwomba atoke, sweta atalibeba mwenyewe. Mama alimwambia ni wazo zuri, lakini lilifaa kutolewa asubuhi.

Mlinzi wa pale, mwanamke wa makamo aliyekuwa akifagia ngazi, aliulizwa utaratibu. Alisema mzigo ukishaingia ukutani hautoki, pasipoti tu ndizo hupita, lakini mchukuzi hutoka akipata wa kumpokea. Mwalimu Breki akataka kujua waume wengine huwa wanafanyaje. Mlinzi akasema wengi huenda kulalamika ofisini, na ofisini hakuna mtu.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mzee," alisema, akaegemea fagio lake. "Ingia uupime."

Mwalimu Breki alimpenda mkewe, na saa ile alimpenda kwa uchungu, kama mtu anayezinduka na kukuta amelalia mkono wa mwenzake usiku kucha. Aliona haya. Alitafuta mzaha wa kujifichia na kwa mara ya kwanza hakuupata. Dada yake alimkumbusha habari ya mgongo wake, naye akamwambia anyamaze.

"Toka, mama," alimwambia mkewe. "Panda ukazione. Mimi nitabaki hapa mpaka wafunge, na wakifunga nitabaki."

Mama aliuliza: "Kweli?"

"Kweli."

Mwalimu Breki akapiga moyo konde. Akampa binti simu, funguo na mkanda ili aingie mwepesi, akageuka, akaegemea. Ukuta ulimpokea bila ubishi. Alihisi ubaridi mabegani, akanyoosha mikono apewe chupa ya chai. Hakuna aliyempa. Mwenye kondoo aliinama, mwenye mtungi akainama, mmoja wa wale wa magunia akasogea akainama nao, na mama, kwa mazoea, akainama pia. Juu ya mabega yao manne pakawa na kiti. Kilikuwa na pa kuegemea na pa kuwekea miguu, na Mwalimu Breki alikuwa amekikalia. Alijaribu kushuka, lakini jiwe lilikuwa limeshammaliza, mguu mmoja juu ya mwingine. Mwavuli ukafunguka juu ya kichwa chake.

Mlinzi alitazama, akasema hata yeye alidhani ingekuwa hivyo. Akarudi kufagia.

Basi lilipiga honi. Mama alimpitishia binti pasipoti mbili zenye vumbi la mawe, akamweleza sare zipi ziko tayari kwa wateja na zipi bado vifungo, na kwamba wali wa jana upashwe moto vizuri kabla ya kuliwa. Binti aliitikia kila jambo. Shangazi yake alisema mpaka hausubiri mtu. Akavua viatu vilivyokuwa vikimuua, akampa binti amshikie, akatangulia pekupeku.

Magofu yalibaki tupu. Kutoka kitini Mwalimu Breki aliweza kuona juu ya ngazi, na nguzo zote zilikuwa mbele yake, zimepigwa na jua la jioni.

"Unaziona?" mama aliuliza kutoka chini.

"Naziona."

"Zikoje?"

Alitafuta maneno. Alikuwa ametumia maisha yake kuwaambia watu waangalie mbele, na sasa yeye ndiye aliyeangalia, kwa niaba ya mtu aliyesubiri tangu ujana.

"Ndefu," alisema. "Halafu nyingi."

Mama alingoja kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi.

"Basi tulia," alisema. "Ukitikisika unaniumiza bega."