Salamu za Bandani

Mwaka 1955, hapa Iringa, mwalimu alituambia Kihehe changu na Kiswahili cha baba yake vimemchanganya binti yetu Waridi, ndiyo maana hamtazami mtu wala haitiki akiitwa. Tuchague kimoja. Mume wangu Bushiri, mtu wa pwani, akachagua chake. Na huyo mwalimu hajalea hata paka!

Nikakimeza Kihehe changu. Mwanangu naye akanyamaza kabisa, kwa lugha zote mbili.

Asubuhi moja nikamkuta kwenye banda la kuku, anampigia goti kila kuku, kama nilivyomfunza kuamkia wakubwa kwa Kihehe, akimwambia: "Kamwene." Sauti ilikuwa yangu tupu, ile niliyokatazwa.

Nikaingia polepole, nikachuchumaa katikati ya kuku, nikangoja zamu yangu.