Kipimo cha Mama

Kuku hupewa dawa ya minyoo wakati wa magharibi, wakishapanda ufitoni, kwa sababu kuku aliyekwisha kutulia hana ubishi. Kinyozi aliyajua hayo kutoka kwa mkewe, na mkewe aliyajua kutoka kwa muuza dawa za mifugo, aliyemweleza mara moja tu na ikatosha. Mwanamke yule alikuwa na kichwa chepesi cha kushika maelekezo.

Walisimama bandani, mume akikamata kuku, mke akiwa na bomba la sindano lililotolewa sindano yake. Walianza na Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni.

"Shika mabawa, si mkia," mkewe alisema. "Unamshika kama unamwomba radhi."

Kinyozi akamtia Kishingo kwenye mfuko, akauning'iniza kwenye ndoano ya mizani, akasoma uzito kwa sauti. Mkewe akavuta dawa hadi kwenye mstari unaolingana na uzito huo, akapenyeza ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, akasukuma polepole ili dawa isiingie njia ya pumzi. Kishingo akatikisa kichwa, akarudishwa ufitoni. Akafuata Kibwenzi mwenye ushungi, kisha yule mwekundu, kisha wale weusi wawili ambao hata wenyewe hawakuwa na hakika yupi ni yupi.

Kwenye ufito wa chini kabisa, kule ukutani ambako vinyesi vya wengine hudondokea, alikuwa ameketi mama yake kinyozi.

"Na huyo," mkewe alisema.

"Huyu ni mama."

"Kwani nimesema ni nani? Nauliza kilo."

"Mama hana minyoo, Mama Kidoti."

"Umemwangalia tumboni? Analala nao, anakunywa maji yao, halafu yeye peke yake ndiye hana minyoo? Minyoo haijui habari za ukwe, baba."

"Nipime tu, mwanangu," mama alisema kutoka ufitoni. "Usigombane na mwenzio kwa ajili yangu."

Alikuwa na kilo moja na robo, pamoja na kitambaa chake cha kichwani. Kuku wote walilazimika kufunguliwa midomo. Mama alifungua mwenyewe.

Hakuwa mdogo hivyo tangu mwanzo. Alipokuja kukaa kwa mwanawe, baada ya kufiwa na mumewe, alikuwa mwanamke wa kuinama mlangoni, na alipewa chumba cha ndani chenye kitanda cha mbao. Kisha binti wa nyumba, aliyeitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, akahitaji mahali pa kusomea, na bibi akahamia sebuleni kwenye godoro. Godoro likaonekana linaziba njia. Akapewa mkeka jikoni. Chakula chake nacho kilihama. Kilitoka kwenye sahani kikaenda kwenye bakuli, kutoka kwenye bakuli kikaenda kwenye kisahani cha chai. Mwili wa mama ulikuwa na adabu. Ulipopewa sahani ulitosha sahani, na ulipopewa kisahani ulitosha kisahani. Haukutaka kuzidi chombo.

Siku alipoenea ndani ya kapu la nguo chafu, mke wa kinyozi alisema kwamba jikoni kuna moshi, na moshi haumfai mzee. Kinyozi akambeba mama yake kwa mkono mmoja, kwa kuwa mkono wa pili ulishika taa.

"Bandani kuna hewa, mama," alimwambia.

Kuku walimdonoa siku za mwanzo, kama wanavyomdonoa mgeni yeyote, hadi alipojua nafasi yake. Majirani walimsalimu kutoka upande wa pili wa ukuta. "Shikamoo, mama!" walisema, naye akaitikia, "Marahaba, wanangu, hamjambo?" Salamu zilikwisha hapo. Watu walikuwa na kazi zao.

Asubuhi baada ya dawa, kinyozi aliingia bandani na koleo ili atoe maranda. Hayo ni makapi ya randa aliyokuwa akipewa bure na seremala, mteja wake, na ambayo alikuwa akiwatandikia kuku sakafuni. Chini ya kuku alikuta minyoo myeupe, mirefu kama tambi zilizochemshwa, mingine ikijipinda bado. Hilo lilitarajiwa. Chini ya mama alikuta maneno.

Maneno nayo yalikuwa meupe na marefu, nayo yalijipinda vilevile. Tofauti ni kwamba mtu akiinama aliyasikia. Kila neno lilikuwa na sauti ya aliyelisema. Ya mkewe yalikuwa mafupi na manene, na kinyozi aliyatambua upesi. *Anakula kama mwenye shamba. Maji ya kuoga kila siku, kwani anakwenda ofisini? Mzee akishazeeka ajue kujibana.* Kidoti alikuwa na moja tu, jembamba: *bibi ananuka.* Kinyozi akayatenga kwa ncha ya koleo, akiwa na hakika kwamba yaliyobaki ni ya mkewe pia. Hayakuwa ya mkewe. Yalikuwa yake. Ndiyo yaliyokuwa mengi kuliko yote, marefu, laini, yaliyofungamana mafundo mafundo hivi kwamba hakuona mwanzo wala mwisho wake. *Vumilia, mama. Kesho, mama. Hajakusudia, mama. Bandani kuna hewa, mama. Si unamjua alivyo, mwanamke yule hana utu, wewe vumilia tu.*

"Nimepata nafuu, mwanangu," mama alisema. "Nilidhani ni uzee, kumbe ni tumbo."

Kinyozi akainua macho. Ufito wa mama ulikuwa umepinda kwa uzito, na vidole vya miguu yake, vilivyokuwa vikining'inia jana, vilikaribia kugusa sakafu. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimembana.

"Nina njaa," mama akaendelea. "Njaa ya sahani. Nirudishe ndani leo, baba. Kitanda sidai, chumba sidai. Niketishe mezani pamoja nanyi, nile katika sahani kama mtu. Nitakua. Naisikia mifupa inataka."

Alisema kweli, na kinyozi aliona kuwa alisema kweli. Alichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo: kumshika mkono, kuvuka ua, kuvuta kiti cha nne.

"Baba Kidoti!" mkewe aliita kutoka mlango wa jikoni. "Umeshazoa? Maranda yote yatoke nje yachomwe leo hii! Yakibaki kuku watayachakura waimeze tena minyoo, tutakuwa tumetwanga maji kwenye kinu!"

"Nazoa!"

Kisha akamgeukia mama yake, akashusha sauti.

"Kesho, mama. Kesho nitazungumza naye. Si unamjua alivyo."

Mama akamtazama. Akafunga mdomo, na koo lake likapanda na kushuka mara moja, kama la kuku anywaye maji. Ufito ukanyooka.

Lililobaki lilikuwa kuchoma. Kinyozi alijaza koleo, akafika nalo hadi mlangoni mwa banda, akasimama. Njia ya kwenda kwenye shimo la taka ilipita mbele ya jikoni, na mkewe alikuwa bado pale akipepeta mchele, masikio wazi. Juu kabisa ya koleo, likijinyoosha kama linaota jua, lilikuwa lile neno la *mwanamke yule hana utu.* Lilikuwa likijisema kwa sauti ya kutosha, tena mara kwa mara.

Akarudi ndani. Akamwaga alichobeba palepale alipokitoa, akaleta gunia la maranda mapya, akayatandaza juu ya yale ya zamani kwa unene wa kiganja, akayashindilia kwa mgongo wa koleo. Banda likanukia mbao. Nyuma ya nyumba akachoma maboksi mawili matupu, ili moshi uonekane.

"Sasa hiyo ndiyo kazi," mkewe alisema alipouona.

Kuku walianza kuchakura kabla moshi haujaisha. Mama aliwatazama kutoka ufitoni wakiyafukua maneno na kuyameza, moja moja.

Mayai hayaliwi mara baada ya dawa. Muuza dawa alisisitiza, na mke wa kinyozi hakuwa mtu wa kubishana na maelekezo. Aliyafukia yote hadi muda ulipopita. Baada ya hapo akakaanga mayai ya kwanza kwa vitunguu, akampa Kidoti sehemu kubwa kwa sababu mtoto alikuwa na mtihani. Wazazi nao walikula. Lakini wao maneno hayo walikuwa nayo tayari, na hawakuona tofauti ya ladha.

Kidoti akafuta mdomo, akamtazama baba yake aliyekuwa akikwangua kikaango.

"Baba anakula kama mwenye shamba," alisema.

Mama yake akacheka hadi akashika ubavu. "Jamani, huyu mtoto! Maneno hayo anayatoa wapi?"

Kinyozi alijua yalikotoka. Akacheka pia.

Jioni, mke wa kinyozi alipoingia bafuni na ndoo, Kidoti akasema kupitia mlango, "Maji ya kuoga kila siku, kwani unakwenda ofisini?" Safari hii mke wa kinyozi hakucheka. Aliitambua sentensi ile kama mtu anavyolitambua gauni lake limevaliwa na mwingine. Akafikiri kidogo, akaona kwamba limemkaa vizuri, akaendelea kuoga.

Kwa hiyo mambo yakaenda. Mwaka ulipopinduka, pindo la gauni la mke wa kinyozi lilianza kuburuzika chini, akalikunja na kulishona. Kinyozi naye aliweka kreti la soda nyuma ya kiti chake cha kazi ili afikie vichwa.

"Fundi, umefupika?" aliuliza seremala, shuka likiwa shingoni.

"Kidogo."

"Basi niiname?"

"Utakuwa umenisaidia."

Seremala akainama, akaendelea kusimulia habari za bei ya mbao.

Dawa ilirudiwa kila msimu, kama maelekezo yalivyotaka, na kila mara maranda mapya yaliwekwa juu ya yale ya zamani, kwa sababu kinyozi hakuthubutu tena kuyafukua. Mama hakupewa dawa nyingine. Alikuwa amepungua hadi chini ya mstari wa kwanza wa bomba, na mke wa kinyozi alisema kwamba kumkadiria kwa jicho kungekuwa kucheza na afya ya mtu.

Kidoti akakua kwa pande zote. Akamaliza shule, akaanza kwenda ofisini kweli, akaolewa na dereva mpole wa ofisi hiyohiyo, wakaishi pale pale kwa kuwa nyumba ilikuwa na nafasi, na kila siku nafasi ilizidi. Kinyozi na mkewe walitolewa chumba chao wakapewa godoro la sebuleni. Kisha wakapewa mkeka jikoni, na kisahani kimoja cha kula wawili, nacho kikawatosha.

Jumapili moja, Kidoti akamwinua baba yake kutoka kwenye mkeka kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa amembeba mama yake, ambaye alikuwa akimkumbusha kufunga bomba la maji.

"Jikoni kuna moshi," Kidoti alisema. Kisha akafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, laini, yenye huruma tele. "Bandani kuna hewa, baba."

Kinyozi aliitambua. Hakuwahi kujua kwamba ilikuwa ikisikika hivyo.

Walipowekwa ufitoni, kuku wakaanza kuwadonoa. Kutoka pembeni mwa ukuta, ambako palionekana kama manyoya machache yaliyokusanyika, mama alinyoosha shingo. Alikuwa amebaki ukubwa wa kifaranga.

"Sogea huku, mwanangu," alisema. "Hapo ulipokaa wanadondosha. Nafasi ipo."

"Mama, ile siku..." kinyozi alianza.

"Sogea kwanza."

Akasogea. Mkewe akakaa upande wa pili, akaanza mara moja kuwaeleza kuku jinsi ya kupangana.

Msimu ulipofika, Kidoti aliingia na bomba, mumewe akikamata. Walianza na kuku, wajukuu wa Kishingo na Kibwenzi, mmoja mmoja, wakipimwa, wakinyweshwa, wakirudishwa. Kisha mkono wa dereva ukasita.

"Huyu si baba mkwe?"

"Kwani nimesema ni nani? Nauliza kilo."

"Shika mabawa, si mkia," mke wa kinyozi aliagiza kutoka ufitoni, na kwa sauti yake ilieleweka kwamba ameridhika na malezi aliyoyatoa.

Kinyozi akaingia kwenye mfuko, akaning'inia kwenye ndoano, akasomwa. Bado alikuwa juu ya mstari wa kwanza, lakini kwa kidogo tu. Alijua kwamba kesho asubuhi angeamka mwepesi na miguu ikitafuta sakafu. Alikuwa amekwisha kuandaa la kusema: angeomba sahani. Jibu pia alilijua, kwa kuwa lilikuwa lake.

Kuku wote walilazimika kufunguliwa midomo. Kinyozi alifungua mwenyewe.