Foleni ya Ng'ombe Waliokufa

Jana usingizi ulinichukua nikiwa na hasira kifuani, na ndoto niliyoiota ni hii. Sijaitia chumvi.

Mchana wake, afisa wa fidia ya ukame, kijana mmoja anayeitwa Musyimi, alikuwa ameniuliza, "Mzee Galgalo, wamekufa ng'ombe wangapi?" Sasa, sisi ng'ombe hatuwahesabu kwa mdomo, hata waliokufa. Ni kuita balaa. Nikamjibu kwa adabu, "Mungu anajua." Akaandika: hakuna.

Mke wangu aliposikia hakunigombeza. Alimmiminia mjukuu wetu chai ya rangi, akanitazama. Fidia ingetupatia mbuzi wa maziwa, na gari la afisa lilikuwa liondoke asubuhi.

Basi naota niko kwenye kisima chetu kilichokauka. Chini kabisa kuna meza, na Musyimi amekaa na ile tai yake nyekundu ya mchana. Tangazo limebandikwa ukutani: MFUGO ALIYEKUFA AFIKE MWENYEWE.

Na wamefika. Wamepanga foleni, mifupa mitupu, wengine wamejitupia ngozi zao begani. Hakuna anayesukumana. Mbele yuko Bokaya, mama yao wote, yule wa pembe iliyopinda.

"Kitambulisho," anasema Musyimi.

Bokaya anamwonyesha sikio lenye alama ya ukoo wetu. Musyimi analipiga muhuri.

"Chanzo cha kifo?"

"Njaa. Lakini andika kwamba mzee alijitahidi. Alibomoa paa lake akanilisha zile nyasi."

Machozi yananitoka. Nilidhani hakutambua.

Musyimi ananyoosha kidole kwenye foleni. "Mmoja, wawili..." Kila anayehesabiwa anaporomoka chini, rundo la mifupa.

"Wee, acha!" napiga kelele. "Unawaua tena!"

Musyimi anafungua kitabu cha kanuni. "Kufa mara mbili hakuruhusiwi," anakiri. "Sasa nifanyeje?"

"Uliza majina," anasema Bokaya. "Hukufundishwa kusalimiana?"

Mara kisima kimekuwa benki ya mjini. Kwato zinagonga vigae, mlinzi anawafungulia mlango na kuwaamkia shikamoo. Waliokuwa wameporomoka wanainuka, wanajipangusa vumbi. Wanataja majina mmoja mmoja, na Musyimi anaandika huku akifuta macho. Bokaya anainamia meza, anaanza kutafuna ncha ya tai yake.

"Samahani," anamwambia. "Ina chumvi."

"Endelea tu, mama," anasema Musyimi.

Nikaamshwa na mke wangu. "Baba Wario, amka! Yule afisa yuko mlangoni."

Nilitoka nikijifunga shuka. Injini ya gari ilikuwa inanguruma kule barabarani, lakini Musyimi alikuwa amesimama kwangu, kalamu mkononi, macho mekundu.

"Shikamoo mzee. Naomba unitajie majina yao," alisema. "Kuhesabu nitahesabu mwenyewe, kimoyomoyo."

Nilianza na Bokaya.

"Huyo wa pembe iliyopinda?" aliuliza, na kabla sijajibu alikuwa ameshaandika.

Nikamtazama vizuri. Eneo letu lote halina ng'ombe hata wa dawa. Lakini ncha ya tai yake ilikuwa imetafunwa, na bado ilikuwa inadondosha mate.