Shikamoo ya Klachi

Kauthar alikuwa amelala chali juu ya gunia, nusu ya mwili chini ya gari, na vumbi jekundu la Karatu lilikuwa limeshampaka poda ya bure. Saa nane mchana wageni wawili wangekuwa wanamngoja loji awashushe kreta kuona wanyama. Ndiyo safari yake ya kwanza kama dereva, baada ya miaka ya kukaa kiti cha pembeni akiwafungulia wageni wa wenzake chupa za maji. Klachi nayo ikaichagua siku hiyohiyo kuzimia.

Bosi alishasema kwenye simu, kwa upole kabisa: "Dereva mwenzako Nelson atapita hapo kwako. Akikukuta bado uko chini ya gari, anachukua chakula cha wageni na safari ni yake."

Raba iliyochoka ndani ya silinda ya klachi Kauthar alishaibadilisha. Kilichobaki ni kutoa upepo. Upepo ukiingia kwenye bomba la mafuta ya klachi, pedali inalala sakafuni kama mlevi na gia haziingii. Kazi hiyo inataka watu wawili: wa juu akanyage pedali na kuishikilia, wa chini afungue skrubu upepo utoke, afunge, ndipo wa juu aachie. Mguu ukitangulia kuinuka, upepo unarudi ndani.

Na leo ni siku ya mnada, mtaa mzima umehamia huko. Aliyebaki ni bibi yake, Bibi Sikuzani, ambaye masikio yake husikia kwa kuchagua. Alikwea kiti cha dereva, akakaza kanga, akaushika usukani kwa mikono miwili utadhani wageni ni wake.

"Bibi, nikisema shika, kanyaga mpaka chini, usiachie."

"Nimesikia. Mimi mtoto?"

Kauthar akachomeka mpira mwembamba kwenye skrubu, ncha ya pili akaizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo. "Kanyaga, achia. Kanyaga, achia. Haya, shika."

Akafungua. Mapovu yakaanza kutoka.

"Marahaba mwanangu," Bibi akaitikia, akachungulia dirishani amwone anayemwamkia. Mguu nao ukainuka kumfuata. Mapovu yakakoma, mafuta ya kwenye chupa yakanyonywa kurudi yalikotoka.

"Bibi, umeachia."

"Sasa nisiitikie salamu? Na umeikata nusu. Nyie watoto mnabana hata heshima."

Akajaribu tena, safari hii na "shikilia". Hakufika hata katikati ya neno.

"Marahaba."

Kauthar alicheka mpaka spana ikamdondokea kifuani. Kisha macho yakamng'aa.

"Basi Bibi, tusalimiane vizuri. Nikikuamkia, kanyaga kwanza. Mguu ukifika chini, ndipo uitikie. Usiinue mpaka nikuulize umeamkaje."

"Hapo sasa unaongea lugha ya watu."

"Shikamoo Bibi."

Pedali ikashuka. "Marahaba."

Akafungua. Mapovu yakabubujika, makubwa kama macho ya chura. Akafunga. "Umeamkaje?"

"Salama, alhamdulillahi." Mguu juu.

Ikawa raha. Kauthar anatoka, anaongeza mafuta kwenye kikopo chini ya boneti, anajitosa tena chini, anaamkia. Mapovu yakawa kama maharage, yakawa kama mtama.

Gari likasimama nje. Viatu vilivyong'arishwa vikaja mpaka karibu na kichwa chake.

"Dada, pole," alisema Nelson. "Kreta inataka gari lenye klachi. Chakula kiko nyuma, eh?" Kisha, maana alilelewa vizuri, akageukia dirishani. "Shikamoo Bibi."

Kauthar akaona fimbo ya silinda ikisogea: Bibi alikuwa amekanyaga. Hakuuliza mtu, akafungua skrubu.

"Marahaba," alijibu Bibi kwa kujikamua.

Mafuta matupu, hata povu moja hakuna. Akafunga.

"Umeamkaje Bibi?" aliendelea Nelson.

"Salama tu, baba." Bibi akainua mguu, akaita kwa wasiwasi: "Kauthar, hiki kitu umekiharibu. Kimekuwa kigumu, kinanisukuma mguu."

Kauthar alichomoka pale chini akiacha kiatu kimoja. Akamsogeza Bibi kiti cha pembeni, akawasha gari, akakanyaga. Gia ya kwanza ikaingia laini kama kisu kwenye parachichi.

Nelson alikuwa amesimama na boksi la chakula mikononi.

"Lirudishe hapo nyuma, kaka," alisema Kauthar. "Na asante kwa msaada."

"Msaada gani?"

Bibi Sikuzani alikuwa anavuta mkanda, maana na yeye alishajihesabu safarini, walau mpaka mnadani.

"Kijana ana adabu huyu," alisema. "Salamu yake haikati katikati."